SABATO YA TAJIRI, JASHO LA KIBARUA



Siku ya Jumamosi hapa Marani mtu hahitaji kalenda ili ajue ni siku gani. Barabara imejaa watu wenye nguo safi, Biblia mkononi, watoto mbele na wazee nyuma. Maduka mengi yamefungwa. Majembe yamelala. Nyimbo zasikika toka kilima hiki hata kilima kile. Hayo twayapenda, wala hatuandiki karatasi hii ili kuyadharau. Wengi katika chama chetu ni Wasabato, waliobebwa mgongoni kwenda kanisani kabla hawajajua kutembea.

Lakini Jumamosi hiyo hiyo, tazama ndani ya ua. Kuna kijana aliyebaki na ng'ombe. Kuna msichana wa kazi jikoni, anapika chakula cha wageni watakaotoka kanisani, na wakiisha kula ataosha vyombo vya watu ishirini. Kuna mlinzi aliyekesha Ijumaa usiku na mpaka sasa hajaja mtu wa kumpokea zamu. Kuna kibarua shambani anachuma majani chai, kwa kuwa ameambiwa: ukikosa leo, Jumatatu usije. Kuna kijana wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine. Mwenye pikipiki ameketi kanisani, benchi la mbele, na simu yake yatetemeka mfukoni: hesabu ya Jumamosi imeingia.

Hao nao ni watu, nao wamo katika amri ile ile inayosomwa pale mbele.

Sisi twasema hivi: Sabato ambayo tajiri apumzika na mtu wake wa kazi hapumziki, hiyo si Sabato. Ni likizo ya tajiri, na aliyeilipia ni kibarua.

AMRI YASEMA NINI

Mwenye Biblia na afungue Kutoka 20, kisha Kumbukumbu la Torati 5. Amri ya nne haikumwambia mwenye nyumba apumzike peke yake. Yamtaja mwana na binti, yamtaja mtumishi wa kiume na wa kike, yamtaja mnyama wa kazi, hata mgeni aliye ndani ya malango. Wengine wanaposoma hupita hapo mbio, kana kwamba ni orodha ya majina ya watu wasiowajua.

Tena Kumbukumbu la Torati yatoa sababu ambayo haisemwi sana mimbarani. Siku hiyo imewekwa ili mtumishi apate kupumzika sawasawa na bwana wake. Na bwana huyo aambiwa akumbuke kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Amri hii walipewa watu waliotoka katika kazi ya kulazimishwa, migongo yao ingali na alama za fimbo. Ni sheria ya kanisa, na ni sheria ya kazi pia.

Rudi nyuma kidogo, Kutoka 5. Musa na Haruni walikwenda kwa Farao kuomba ruhusa watu wao waende wakamwabudu Mungu. Farao alijibuje? Alisema hao ni wavivu, na ya kuwa Musa anawapumzisha watu kazini. Siku hiyo hiyo akaamuru wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali, wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Waliopigwa kwanza ni manyapara wa Kiebrania, waliosimama katikati.

Ndugu, je, maneno hayo ni mageni masikioni mwenu? Mfanyakazi akiomba siku ya Mungu wake aitwa mvivu, na kesho yake kipimo cha kazi chaongezwa. Farao alikufa zamani, lakini jibu lake lingali linatumika.

JINSI SABATO ILIVYOFIKA KWETU

Wamisheni wa Kiadventista walifika Gendia, pwani ya ziwa, mwaka 1906. Mwaka 1911 Wakatoliki walifungua misheni ya Nyabururu, na mwaka 1912 Waadventista wakafungua Nyanchwa. Kwa hiyo tangu mwanzo Gusii ilipata siku mbili za ibada. Katika ukoo mmoja utamkuta baba mkubwa ni wa Jumamosi na shangazi ni wa Jumapili, nao hula katika sahani moja. Jambo hilo halijatupiganisha, na lisianze kutupiganisha leo.

Miaka ile ile ndipo ilipoingia kazi ya mshahara. Sheria ya kuandikisha watu ya mwaka 1915 ilitumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, na babu zetu wakavishwa kipande shingoni. Walikwenda kwa miguu mpaka mashamba ya chai ya Kericho. Kazi nyingi za mashamba ya Wazungu zilihesabiwa kwa tiketi ya siku 30. Ukifanya kazi siku moja, siku moja yaandikwa. Usipofanya, haiandikwi, na mshahara haupatikani mpaka siku 30 zitimie. Siku ya mapumziko haikuhesabiwa. Na pale palipopumzika Jumapili tu, Msabato aliyeshika Jumamosi alirudi nyuma siku mbili kila juma. Mwezi wake wa mshahara ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni.

Twakumbusha haya kwa sababu wako watu weusi leo, raia wa Kenya huru, wanaoendesha mashamba yao kwa tiketi ile ile. Wameacha kuiita tiketi tu.

SHERIA YA LEO

Sasa sikilizeni vizuri, maana wengi hawajaambiwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, yasema mfanyakazi ana haki ya kupumzika angalau siku 1 katika kila kipindi cha siku 7. Haisemi mfanyakazi wa ofisini. Yasema mfanyakazi.

Kifungu cha 37 chahusu kibarua. Chasema kwamba katika kuhesabu mshahara na siku za kazi mfululizo, kibarua aliyefanya kazi siku 6 mfululizo ahesabiwe siku 1 ya mapumziko yenye malipo, na siku hiyo iingizwe katika hesabu ya siku za kazi. Tena kibarua ambaye siku zake mfululizo zimefika kiasi cha mwezi mmoja, sheria yamtazama kama mtu wa mshahara wa mwezi. Someni tena maneno hayo. Ni kinyume kabisa cha tiketi ya siku 30. Zamani siku ya kupumzika ilikupunguzia, sasa sheria yataka ikuongezee. Je, ni wangapi kati yetu waliowahi kuona siku hiyo katika malipo yao?

Amri ya jumla ya mishahara nayo yaweka kazi ya juma isizidi saa 52 katika siku 6, na anayefanya kazi siku yake ya mapumziko alipwe mara mbili. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira chakataza kumbagua mfanyakazi kwa ajili ya dini yake, na kifungu cha 46 chasema dini si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yasema mtu asinyimwe kazi kwa ajili ya imani yake.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika kesi ya Kanisa la Waadventista Wasabato juu ya wanafunzi waliowekewa masomo siku ya Jumamosi. Mahakama ilikubaliana na kanisa, kwamba wanafunzi hao wana haki ya kushika Sabato toka jua kutua Ijumaa hata jua kutua Jumamosi. Kanisa lilifanya vema kwenda mahakamani kwa ajili ya watoto wa shule. Sasa twauliza kwa heshima: na mtoto wa maskini aliyeacha shule akaajiriwa kuosha nguo za watoto hao, nani atamsemea?

Shirika la Kazi Duniani nalo lilifanya mapatano nambari 14 mwaka 1921, na Kenya iliyaridhia mwaka 1964. Yahusu kazi za viwanda na kazi za namna hiyo. Yasema mapumziko ya juma yasipungue saa 24 mfululizo, na kila inapowezekana yapewe watu wote wa mahali pa kazi pamoja, katika siku iliyokwisha kuwekwa na mila na desturi za nchi au za wilaya. Nani atasema kwamba Jumamosi si desturi ya wilaya hii? Mwaka 2011 shirika hilo hilo likafanya mapatano nambari 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani, likataka nao wapate saa 24 mfululizo kila juma.

Kwa hiyo tusiambiwe kwamba chama kimeleta maneno ya ugomvi. Tunachodai kimeandikwa katika Biblia, katika Katiba na katika sheria ya kazi. Kilichobaki ni kutimizwa.

MAJIBU YA MATAJIRI

Tumewasikia matajiri wakijibu, na tutawajibu kwa adabu.

Wa kwanza husema: "Chai haingoji, na ng'ombe hangoji." Kweli, ng'ombe hukamuliwa kila siku, na mgonjwa hauguzwi siku sita tu. Hospitali za Wasabato wenyewe hazifungi mlango siku ya Sabato, na hakuna anayewalaumu. Lakini zamu ya muuguzi hubadilishwa, naye hupata siku nyingine. Habari ya chai, mwenye shamba ajua mzunguko wa kuchuma tangu juma lililopita, na aweza kuupanga. Habari ya ng'ombe, tusome Luka 14. Bwana Yesu aliuliza ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani asingemtoa siku ya Sabato. Angalieni ni nani anayemtoa: ni mwenye ng'ombe. Hakuna kibarua katika habari hiyo. Basi tajiri ashike ndoo Jumamosi asubuhi, akamue ng'ombe wake mwenyewe, kisha aende kanisani. Maziwa hayatamharibia maombi.

Wa pili husema: "Huyu kijana wangu si Msabato, kwa hiyo simkosei." Hapa ndipo penye udanganyifu mkubwa. Amri yamtaja mgeni, na haikusema aulizwe kwanza dini yake. Tena fuateni juma la huyo kijana. Jumamosi afanya kazi kwa sababu yeye si Msabato. Jumapili afanya kazi kwa sababu tajiri wake si mtu wa Jumapili. Siku zake za kazi ni 7. Na kwa tajiri wa Jumapili ni vivyo hivyo: kibarua Msabato atumwa Jumamosi kwa sababu boma hilo halijui Sabato, na Jumapili aambiwa abaki kuangalia nyumba, kwa kuwa "wewe ulikwisha sali". Mwenye kulaumiwa hapa si Jumamosi wala Jumapili. Ni mtu anayetumia dini ya mwenziwe kama kamba ya kumfungia.

Wa tatu husema: "Yeye mwenyewe ndiye anayetaka kazi hiyo, ana shida ya pesa." Kweli, ana shida. Na shida hiyo yatoka wapi? Mshahara wa siku 6 ukiwa haulishi nyumba siku 7, mtu atauza siku ya saba, na baada ya hapo atauza usiku. Kumbukeni habari ya mana, Kutoka 16. Mungu alipowaambia watu wapumzike siku ya saba, siku ya sita aliwapa chakula cha siku mbili. Hakuwaambia wapumzike na njaa. Tajiri amwambiaye kibarua "nenda kapumzike" na huku amkata malipo, amempa Sabato bila mana. Mapumziko ya namna hiyo ni adhabu, na kibarua akiyakimbia tusimwite mpagani.

Wa nne hasemi neno, hufanya tu. Jumamosi jua likitua, hutoka kanisani mbio kwenda kutazama mizani. Nabii Amosi aliwajua watu hao: walikuwa wakiuliza Sabato itakwisha lini ili wafungue biashara, wapunguze kipimo na kudanganya kwa mizani. Mchumaji aliyekatwa kilo za majani na hesabu haionyeshi kwa nini, aelewa Amosi alikuwa akisema nini.

MANENO KWETU WENYEWE

Sasa tujiangalie sisi pia. Tukikosoa matajiri peke yao, tutakuwa kama yule aonaye uchafu wa jirani, na ua wake haujafagiliwa.

Katika mkutano mmoja wa tawi tuliulizana: nani ana mtu wa kazi nyumbani, msichana au kijana wa ng'ombe? Mikono mingi iliinuka, maana mwalimu, karani, fundi, wote wana mtu. Tukaulizana tena: nani amempa mtu huyo siku moja kamili kila juma, ya kwake mwenyewe, bila kukatwa pesa? Mikono ilishuka. Tulikaa kimya, na mwenyekiti naye alikuwa miongoni mwa walioshusha. Sisi tunaodai saa 24 kwa tajiri, tumemnyima msichana wa jikoni saa 24 hizo hizo. Kwake yeye, sisi ndio Farao.

Na wale wasio na mtu wa kazi, wamtazame mama wa nyumba. Ijumaa apika chakula cha siku mbili, ateka maji, apiga pasi nguo za wote. Jumamosi aandaa, apakua, aosha. Mwanamume akirudi kanisani alala kitandani na kusema Sabato ni tamu. Kubeba mtungi mmoja wa maji hakuvunji amri yo yote.

Jambo jingine ni umoja. Msabato na Mkatoliki wakifanya kazi pamoja, tajiri mwerevu hugeuza siku zao kuwa ugomvi. Humwambia wa Jumapili, "Wasabato ni wavivu, wewe ndiwe mtu wa maana," na humwambia Msabato, "wa Jumapili wanachukua kazi yako." Dawa yake ni rahisi. Wa Jumapili ashike zamu ya Jumamosi, Msabato ashike ya Jumapili, kwa orodha iliyoandikwa na kubandikwa ukutani. Kila mtu atafanya siku 6 na kupumzika 1, na kazi haitalala. Wasio na kanisa nao wana siku yao, kwa kuwa uchovu hauna dhehebu.

Lakini tuwe macho, zamu isije ikavunja nyumba. Mwaka 1929 serikali ya Urusi iliondoa siku moja ya mapumziko ya wote. Watu waligawiwa makundi kwa rangi, wafanye siku 4 na kupumzika ya 5, kila kundi na siku yake, ili mashine zisisimame. Mume alipumzika mke akiwa kazini, na watoto wakiwa shuleni. Wafanyakazi walinung'unika, mpango ukabadilishwa, na mwaka 1940 juma la siku 7 likarudishwa pamoja na Jumapili. Kwa hiyo zamu ikipangwa, mume na mke wa imani moja wapewe siku moja. Mtu hupumzika vizuri akiwa na watu wake.

TUNAYODAI

1. Kila mkataba wa kazi, hata wa kibarua, hata wa nyumbani, utaje siku ya mapumziko kwa jina lake, na mfanyakazi ndiye aitaje.

2. Siku hiyo iwe saa 24 kamili. Kwa Msabato ihesabiwe toka jua kutua Ijumaa hata jua kutua Jumamosi, maana kumwachilia Jumamosi saa 2 asubuhi baada ya kumkesha Ijumaa ni kumdhihaki.

3. Kibarua wa siku 6 mfululizo alipwe siku ya 7 kama kifungu cha 37 kisemavyo. Kila mwanachama aandike siku zake katika daftari lake mwenyewe, asingoje daftari la nyapara.

4. Kazi isiyoweza kusimama ifanywe kwa zamu iliyoandikwa. Anayeitwa katika siku yake ya mapumziko alipwe mara mbili, na asiyekubali asifukuzwe.

5. Wenye pikipiki wasidai hesabu ya siku ya mapumziko ya mwendeshaji.

6. Wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa waisome amri yote mimbarani, pamoja na sehemu ya mtumishi na mgeni. Na kabla mtu hajachaguliwa kuwa mzee wa kanisa, waulizwe wanaofanya kazi kwake wanapumzika siku gani.

Twajua dai la 6 litawachoma wengine. Litawachoma kwa sababu twaliheshimu kanisa, na twaamini laweza kufanya katika wilaya hii jambo ambalo mkaguzi wa kazi hawezi. Mkaguzi hawezi kuingia kila jiko. Neno la mimbarani laingia.

Mwanachama ye yote aliyenyimwa siku yake na alete habari kwa katibu wa tawi, pamoja na daftari lake la siku. Jina lake litahifadhiwa. Na kila mwanachama mwenye mtu wa kazi nyumbani, aanze juma hili kabla hajaja mkutanoni kupiga kelele. Amwite msichana huyo, amwulize: siku yako ni ipi? Akishaitaja, amwachie.

Umoja ni nguvu.

Sisi, Halmashauri ya Tawi, Marani.